Nani Atasugua Ukuta?

Kura ilipigwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, Jumanne usiku, na matokeo yakawa watano kwa mmoja. Watano tulitaka nyumba mpya ya Mama ipakwe nyeupe tupu ndani, kutoka sebuleni hadi chumba cha wageni, ile inayoandikwa Brilliant White kwenye ndoo. Mmoja alikataa. Huyo mmoja alikuwa Mama mwenyewe, na kati yetu sote sita ndiye peke yake aliyekuwa anaenda kuishi humo.

Mimi nilikuwa kwa wale watano. Tena mimi ndiye niliyetuma ile picha. Nilikuwa nimeitoa Pinterest: sebule ya watu wa Ulaya, ukuta mweupe, kiti kimoja cha mbao, mmea mmoja, hakuna binadamu. Nikaandika chini yake, "Mama, hii ndiyo tunataka. Safi." Dada yangu wa Eldoret akaweka emoji tatu za moto. Kaka yangu akasema nyeupe haina ubaguzi, inaenda na kila kitu. Mama akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde kama kumi hivi: "Hapana, watoto wangu. Hiyo ni rangi ya kufuliwa. Mnipakie ile ya maziwa, na huku chini mniwekee kahawia." Tulicheka. Mmoja wetu akasema nyumba itafanana na dispensari. Mama hakutuma kitu kingine. Sisi ndio tuliokuwa tunamlipa fundi, kwa hivyo sisi ndio tuliokuwa na sauti.

Tulikosea. Na simaanishi kukosea kwa ladha, ati yeye anapenda hivi na sisi tunapenda vile. Tulikosea kama mtu anavyokosea hesabu. Na kwa sababu naona watu wa rika langu wakipanga keja zao, na mbaya zaidi nyumba za wazazi wao, kwa kosa hilo hilo, nitasema bila kupakapaka: nyumba ya Kericho isipakwe Brilliant White ndani. Silingi labda. Silingi nawaachia.

Nyumba yenyewe iko nje kidogo ya Kapsoit, ukitoka Kericho mjini kuelekea Ahero. Vyumba vitatu na sebule, mawe, mabati ya kijani. Majani chai yanaanzia hatua nane kutoka mlangoni. Mama alikataa tung'oe hata mstari mmoja ili tupate uwanja, na hatukubishana naye hapo, kwa sababu majani hayo ndiyo yaliyotusomesha. Jikoni liko kando, kijumba cha mbao, kuni na moshi kama kawaida. Asubuhi ya kwanza baada ya fundi kuondoka, niliingia sebuleni saa mbili na nusu, jua likiwa limeingia kwa dirisha la mashariki, na kusema kweli nilisisimka. Nilipiga picha. Nikaiweka Instagram. Watu wakaipenda sana.

Saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo sikupiga picha.

Anayeijua Kericho anaijua saa kumi. Tuko juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua ya mwaka inapita milimita 1,500 bila jasho. Asubuhi huwa na jua zuri kabisa. Halafu hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria inapanda milima, mawingu yanajipanga, na kuanzia saa nane au tisa mchana giza linashuka pamoja na mvua, mara nyingi na mvua ya mawe, ile inayochana majani chai mpaka mkulima anakaa tu chini akitazama. Huo ndio mwanga wa nyumba zetu nusu ya siku: wa kijivu, baridi, tena umepita kwanza juu ya ekari kwa ekari za kijani kabla ya kufika dirishani. Ukuta mweupe kabisa hauna cha kujitetea nacho. Chochote kinachoingia, unakipokea. Sebule ya Mama saa kumi jioni ilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa sukuma. Nyuso zetu pia. Shangazi alikuja kuona nyumba, akakaa, akaniangalia kwa muda, akauliza kama ile malaria yangu imeisha. Sikuwa na malaria.

Sasa nenda kwa intaneti utafute ushauri wa rangi nyeupe, kama nilivyofanya mimi usiku huo. Utaambiwa chumba kinachoangalia kaskazini ni baridi, kipe nyeupe yenye joto. Kinachoangalia kusini kina jua, kipe nyeupe kali. Ni kweli, kama uko London. Kule chumba cha kaskazini hakioni jua lenyewe karibu mwaka mzima. Lakini Kericho iko chini ya kilomita 50 kutoka ikweta. Jua letu Juni liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, na kila ukuta unapata zamu yake. Kinachotenganisha vyumba vyetu ni mashariki na magharibi: chumba cha mashariki kinapata jua la asubuhi, cha magharibi kinapata mawingu ya mchana. Hilo ndilo swali la kwanza mtu wa Kericho angefaa kuulizwa na muuza rangi, na sijawahi kulisoma popote. Nilikuwa natembea kwa dira ya mtu mwingine. Waingereza wenyewe wana kampuni inaitwa Farrow & Ball, na moja ya nyeupe zake inaitwa Wimborne White, jina la mji mdogo ulio karibu na kwao. Sawa kabisa. Ni nyeupe ya kwao, imejaribiwa kwa mvua ya kwao. Ya Kapsoit imejaribiwa na nani?

Nirudi kwa hoja ya kaka yangu, kwa sababu ndiyo hoja ya kila mtu: nyeupe haina upande, haimkosei mtu. Watu husema hivi kana kwamba nyeupe ni ukuta kabla ya rangi. Ukuta kabla ya rangi ni kijivu cha simiti. Nyeupe hutengenezwa, tena kwa jasho. Weupe wa rangi za leo unatokana na unga wa titani, na unga huo huanza kama mchanga mzito mweusi. Mchanga huo tulikuwa nao sisi. Kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium iliuchimba Kwale na kuupakia melini pale Likoni. Kuna familia zilizohama mashamba yao kupisha mgodi huo. Mchanga uliondoka ukiwa mchanga, na unga ukaendelea kuja kutoka ng'ambo na bei ya ng'ambo. Kabla ya titani nyeupe ilikuwa ya risasi, ile metali, si ya bunduki, ingawa madhara hayakuachana sana: wapaka rangi waliumia nayo kiasi kwamba mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mzima wa kuiondoa katika upakaji wa ndani ya majengo. Kenya leo inaruhusu sehemu 90 za risasi kwa milioni kwenye rangi, zisizidi hapo. (Kama unakarabati nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta ya miaka hiyo, usiikwangue kwa msasa mkavu mtoto akicheza hapo kando. Hili halihusu uzuri wa sebule lakini sitalipita.)

Na hiyo "Brilliant" yenyewe? Ni hila ambayo kila mtu aliyesoma bording anaijua. Rangi inavutwa kidogo upande wa bluu ili jicho lidhani ni nyeupe kuliko nyeupe, sawasawa na vile tulivyokuwa tunatia bluu ya kufulia kwenye maji ya mwisho ya mashati ya shule. Kwa jua kali shati lilimeremeta. Siku ya mawingu lilifanana na maji ya barafu. Weka ubluu huo ndani ya saa kumi ya Kericho, kisha juu yake uwashe balbu ya LED ya kawaida, ile iliyoandikwa Daylight 6500K ambayo ndiyo imejaa madukani, na umejenga mochari. Mochari nzuri, ya mawe, vyumba vitatu.

Lakini mwanga ni nusu tu ya kesi. Nusu ya pili ni mikono.

Mama alipokuwa msichana, kabla hajaanza kuchuma majani, alifanya kazi ya nyumbani kwa bangalo la meneja wa kampuni moja ya chai. Sitaitaja. Wakati huo nyumba za kampuni zilikuwa za aina mbili: bangalo juu kilimani, lenye bustani, na kambi za wafanyakazi kule chini, chumba kimoja familia nzima, kuta zikipigwa chokaa. Ndani ya bangalo kuta zilikuwa nyeupe na zilibaki nyeupe. Kila Jumamosi Mama na mwenzake walizisugua kwa sabuni na maji vuguvugu, wakianzia chini kwenda juu ili michirizi isikauke ukutani. Kila Jumatatu memsahibu alipita na kidole. Hadithi hii nimeisikia labda mara mia moja. Nilidhani ni hadithi kuhusu memsahibu.

"Rangi ya kufuliwa," alituambia. Sekunde kumi za sauti, na ndani yake Jumamosi zote zile, na sisi tukaweka emoji za kucheka. Ile nyeupe ya bangalo iliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu wawili wa Jumamosi. Rudi sasa uangalie picha yangu ya Pinterest. Hakuna tope mlangoni. Hakuna moshi. Hakuna mtoto. Hakuna kichwa kilichopakwa mafuta kikiegemea ukuta. Na aliyeifuta hayuko kwenye picha, maana huyo ameshaenda nyumbani.

Nilirudi Kapsoit Aprili, mvua kubwa ikiwa imeanza. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba viti vyote vilikuwa vimevutwa mbali na ukuta, futi nzima, kana kwamba kuna mtu anataka kupita nyuma yake. Cha pili, vitambaa. Mama alikuwa ametundika vitambaa ukutani kwa misumari midogo, kila mahali ambapo kichwa cha mtu kingeweza kugusa. Cha tatu, wanawake wa chama chake walikuwa wamekutana siku hiyo, na walikuwa wamekaa jikoni, kwenye moshi, kumi na wawili wamebanana juu ya mabenchi, huku sebule mpya ikiwa imefungwa. Nikauliza mbona. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye amenijua nikiwa mtoto wa kubebwa, akasema, "Kijana wetu, tuna gambuti. Hatutaki kumletea mama yako kazi." Alisema kwa upole kabisa. Miaka sita tumejenga hiyo nyumba ili Mama awe na mahali pa kuketisha wageni.

Udongo wetu ni mwekundu. Hushika. Ukikanyaga shambani wakati wa mvua unarudi na shamba lote kwa kiatu. Mama ana miaka sitini na kitu, na mgongo wa mtu aliyeinama juu ya majani chai miaka thelathini, na kila jioni alikuwa anazunguka na ndoo na kitambaa akifuta ukuta ambao sisi tulimchagulia.

Siku ya pili ya safari hiyo, mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, aliingia mbio akikimbia mvua, akateleza mlangoni, akajishika kwa ukuta. Viganja viwili, vidole kumi, vyekundu. Mama alimpiga kofi.

Inabidi ujue kwamba Mama hakuwahi kutupiga sisi. Watano, na hakuwahi. Kazi hiyo alimwachia mzee, na mzee naye hakuipenda sana. Alisimama akiangalia mkono wake mwenyewe. Mtoto hata hakulia mara moja, alishangaa kwanza. Halafu Mama akasema kwa Kipsigis, polepole, kwamba naona memsahibu amehamia kwangu. Akaenda kuchukua kitambaa, akaanza kufuta, na alikuwa anafuta ukuta.

Nilimnyang'anya. Nina miaka ishirini na tisa, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusugua ukuta maishani. Niligundua mambo mawili. Moja, ile rangi ya maji isiyong'aa tuliyochagua, kwa sababu isiyong'aa ndiyo ya kisasa, haioshwi: tope likaingia ndani, na pale niliposugua kwa nguvu pakabaki doa la kung'aa, kubwa kuliko viganja vya mtoto. Mbili, inauma mabega. Ndugu zangu waliopiga kura pamoja nami, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyewahi kujua la pili. Ndivyo ilivyo rahisi kupenda nyeupe.

Nimeambiwa nimezidisha. Rafiki yangu mmoja, msanifu wa ndani pale Nairobi, alinijibu kwamba shida ilikuwa aina ya rangi, si nyeupe. Mngenunua Silk Vinyl, inaoshwa kama sahani. Ana haki kidogo. Rangi ya mng'ao inaoshwa vizuri zaidi, ingawa pia inaanika kila dhambi ya fundi wa plasta. Lakini angalia sentensi yake: inaoshwa. Na nani? Hapo ndipo mazungumzo ya rangi huwa yanaisha, na mimi nataka yaanzie hapo.

Wengine husema nyeupe hukuza chumba. Hukuza, kama kuna mwanga wa kurushwa. Nenda Lamu uone. Nyumba za zamani za mji ule zina kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba kiasi kwamba punda wawili wakikutana ni kesi, na vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kwenda ndani. Nje jua la pwani, ndani giza. Chokaa nyeupe na plasta nyeupe, na vile vidaka vilivyochongwa ukutani, vinapokea mwanga mkali wa kiwanda, ule ua wa ndani, na kuurusha chumba hadi chumba mpaka nyuma kabisa. Pale nyeupe inafanya kazi. Tena ni chokaa, inapumua, haipendwi na ukungu, na kila ikichoka inapakwa upya. Nilikaa pale nikasema hawa watu walijua. Halafu nikakumbuka kwamba nyumba zile zilijengwa zamani, kabla utumwa haujaondolewa Kenya mwaka 1907, na nikajiuliza watu wao wa Jumamosi walikuwa akina nani. Kwa hiyo hata Lamu sikutoka bila swali. Lakini kwa upande wa mwanga, walijua.

Na hapa kwetu kuna waliojua. Ukitaka kuona jengo lililoelewa saa kumi ya Kericho, ingia Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini, lile lililofunguliwa 2015. Matao ya zege yanayozidi kupanda ukielekea altareni, vibao vya sipresi kati yake, mwanga ukichujwa kutoka juu kwenye mgongo wa paa. Kinachotawala jicho ni mbao na zege. Mvua ikinyesha nje, mle ndani watu wanafanana na watu, wana damu. Wachoraji wake ni John McAslan + Partners, wa London. Wa London! Wao walikuja hapa wakaangalia. Mimi niliyezaliwa hapa nikaangalia Pinterest.

Kuhusu wenye nyumba za kupanga sitakaa sana, kwa sababu nikikaa nitatukana. Kila mmoja wenu anaijua ile nyeupe ya ploti: imechanganywa na maji mpaka ukiegemea inaondoka na koti lako. Unaipakwa juu ya ukungu bila kukwangua, unaingia, baada ya miezi mitatu ukungu unachungulia kona ya dirisha, na siku ya kuhama keateka anakuja na simu, anapiga picha doa la nyuma ya kitanda, dipoziti imekwisha. Bedsita yangu ya kwanza Roysambu ilinigharimu hivyo. Mwenye nyumba alipaka upya kwa ndoo ileile, ya aina ileile, akamsubiri mwingine. Nyeupe hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuishi. Iliwekwa ili ionyeshe makosa, na makosa yana bei.

Basi tulifanya nini Kapsoit. Tulianza upya Agosti, na safari hii Mama ndiye aliyesimamia, sisi tukatuma pesa na kunyamaza. Fundi alikuwa mzee wa Ainamoi ambaye hana Instagram. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukataa kupaka. Alisema ukuta wa jikoni upande wa nyuma una unyevu, tukaupake nini, tuzibe kwanza bomba la maji ya paa. Wiki mbili zikaisha hapo. (Plasta mpya pia: mwezi mmoja angalau ikauke kabla ya rangi, na kwa mvua ya huku usihesabu kwa kalenda, hesabu kwa kiganja.) Kisha akanunua mikebe midogo ya lita moja, nyeupe tatu tofauti, akapaka vipande vya kadibodi, mikono miwili kila kimoja. Hakupaka ukutani, kwa sababu nyeupe mpya ikizungukwa na nyeupe ya zamani jicho linadanganywa. Akaziweka kando ya karatasi ya fulskepu. Jamani, jaribuni hilo siku moja. Nyeupe ambazo dukani ni mapacha, kando ya fulskepu moja inakuwa ya waridi, nyingine ya ndimu, nyingine ya majivu. Mama akazibeba hizo kadibodi siku tatu, kama mtu anayebeba mtoto mgeni: asubuhi chumba cha mashariki, saa kumi sebuleni mvua ikinyesha, usiku chini ya balbu. Balbu tulibadilisha pia, tukaweka za 3000K, na hizo peke yake zilirudisha nusu ya nyuso zetu.

Alichagua ya katikati, halafu akamwambia fundi aongeze manjano ya udongo kidogo na kahawia kiasi cha kidole gumba. "Iwe kama maziwa yakishachemka," alisema, "si kama yakitoka dukani." Sebule ni mita nne kwa nne, kuta ni kama mita za mraba 37 ukitoa milango na madirisha, kwa mikono miwili, lita moja ikipaka mita kumi, mikebe miwili ya lita nne ilitosha na kubaki. Yenye mng'ao kidogo, ya kuoshwa. Chini, mpaka usawa wa kiuno, rangi ya mafuta, kahawia, kama dispensari. Ndiyo. Kama dispensari, kama shule ya msingi, kama kila mahali katika nchi hii ambapo mtu aliwahi kukaa chini akafikiria mgongo wa mtoto, mkono wa mtoto, na kiatu cha mgonjwa kabla ya kufikiria picha. Tuliicheka rangi hiyo kwa sababu tuliiona kila mahali. Hatukujiuliza ni kwa nini iko kila mahali.

Chama kilikutana sebuleni Septemba. Sikuwepo. Nilitumiwa picha, ya ukungu ukungu, imepigwa na mtu aliyekuwa anacheka: wanawake kumi na wawili, vibuyu vya mursik mezani, gambuti zimepangwa mlangoni lakini si zote, na vichwa vitatu vimeegemea ukuta.

Haya nayaandika sasa kwa sababu ya kaka yangu, yule wa "haina ubaguzi". Anajenga Bomet, ng'ambo ya Sotik, na nyumba imefika plasta. Wiki jana alinitumia picha ya ndoo mbili za lita 20, unajua zimeandikwa nini. Mke wake ana watoto wawili wadogo na mwingine yuko njiani, na hakuna mtu wa Jumamosi. Nilimuuliza kama shemeji amepiga kura. Akanijibu kwa emoji. Kaka, ndoo hazijafunguliwa. Nimempigia mwenye hadiwea, amesema mpaka Jumamosi anazirudisha ukiwa na risiti.